Masta ya uongozi wa afya: Mzumbe, Muhimbili au nje? Niko Kigoma, GPA 3.4

#1 Mama Migebuka

Wakuu salaam. Naingia moja kwa moja.

Mimi ni katibu wa afya, yaani mtu wa utawala, kwenye kituo cha afya kando ya ziwa, mkoa wa Kigoma. Shahada ya kwanza nilimaliza 2017, mambo haya haya ya usimamizi wa mifumo ya afya, GPA 3.4. Ajira nimepata 2020. Sasa nataka kurudi darasani, maana kila karatasi inapita mikononi mwangu lakini maamuzi yanafanyika chumba kingine.

Machaguo yangu: (1) Mzumbe, masta ya usimamizi wa mifumo ya afya. (2) Muhimbili, ile ya sera na uongozi wa afya, au MPH (masta ya afya ya jamii) ya kawaida. (3) Mjomba yuko Ohio, kila akipiga simu ni "omba MHA huku, acha uoga", yaani masta ya uongozi wa huduma za afya.

Maswali mawili. Ipi inalipa kwa mtu wa kada yangu? Na la pili ndilo linaninyima usingizi: kwa nini wengi niliowaona wamerudi na masta bado wanakalia kiti kile kile walichokiacha?

#2 Sokwe Mtulivu

Natandika mkeka hapa. Ila mgebuka wa kuchoma upo, au tunajadili na njaa?

#3 Karani wa Isevya

Mwangaluka kutoka Tabora. Dada, mimi ni kada yako na nimepita Mzumbe. Kule unasoma uendeshaji wenyewe: fedha, rasilimali watu, ununuzi, sheria, mipango, tathmini. Nilivyorudi, mpango kabambe wa afya wa halmashauri niliuona kwa macho mengine. Zamani tulikuwa tunanakili wa mwaka jana na kubadilisha tarakimu, tusidanganyane.

Angalia tu kozi unayoitaka inafundishwa kampasi gani, maana Mzumbe ni Morogoro lakini wana Dar na Mbeya pia. Kwa mtu wa Kigoma hilo si dogo.

Swali lako la pili naliruka kwanza, linauma.

#4 Daktari wa Kata

Chukua MPH. Nasema kama mtu niliyekaa kwenye timu ya uendeshaji wa huduma za afya ya halmashauri. Mle ndani kuna mganga mkuu, muuguzi mkuu, mfamasia, afisa afya, mtu wa maabara, wa meno, wa ustawi wa jamii na katibu wa afya. Lugha inayoongelewa mezani ni ya MPH: viwango vya vifo vya kina mama, chanjo, milipuko. Katibu akiongea fedha tu anaonekana mhasibu aliyepotea njia. MPH inakupa lugha ya wote.

#5 Nyuki Mkali

MPH, MHA, vyote kitu kimoja, herufi tu zimepangwa tofauti. Soma iliyo karibu na nauli ndogo. Sisi wa Sikonge tunajua kuhesabu mizinga, siyo herufi.

#6 Mbeba Maboksi

Nyuki Mkali hapana, bora ungeendelea kurina asali. Niko Marekani, namaliza MHA, niwaeleze vizuri maana hapa watu huchanganya.

MPH kiini chake ni afya ya jamii: epidemiolojia, takwimu, mazingira, tabia za watu. MHA kiini chake ni kuendesha taasisi. Hospitali inapataje hela, inalipaje watu, foleni inapunguzwaje, ubora unapimwaje, sheria inasemaje. Huku vina hata waangalizi tofauti wa ithibati. MPH inaangaliwa na CEPH, MHA inaangaliwa na CAHME. Mtu akikwambia chuo chake "kina ithibati" muulize ya nani, kisha ingia kwenye tovuti ya CAHME ukitafute mwenyewe. Kwa kuwa mjomba yuko Ohio, Ohio State wana MHA na imo kwenye orodha hiyo.

Kuomba: baadhi ya programu za MHA zinapokea maombi kupitia mfumo mmoja unaoitwa HAMPCAS (wenzetu wa MPH wana wao, SOPHAS). Unajaza mara moja, unatuma vyuo kadhaa, kila chuo unakilipia. Mtihani wa GRE wa kuingilia masta vyuo vingi siku hizi wameufuta au wamesema ni hiari. Kiingereza wanataka IELTS au TOEFL, wengine wanakubali ule wa Duolingo unaofanyia nyumbani.

Na dada, hili liandike ukutani: GPA ya Tanzania ni ya 5, huku wanasoma ya 4. Hiyo 3.4 yako mtu wa huku akiiona haraka haraka atasema "safi". USIJIBADILISHIE mwenyewe. Andika 3.4 kati ya 5 kama ilivyo kwenye matokeo yako, wao wana namna yao ya kugeuza, wengine watakutaka upite WES, wale wanaotathmini vyeti vya nje. Nilimshuhudia mtu akipokonywa nafasi kwa kujiandikia ya kwake.

#7 Sokwe Mtulivu

Mbeba Maboksi umeandika kama mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa tangu mwaka juzi 😂

#8 Mama Migebuka

Mbeba Maboksi ubarikiwe. Hela sasa? Mjomba anasema atanipokea, ila kupokewa siyo ada.

#9 Mbeba Maboksi

Hapo ndipo pagumu. Chuo hakikupi ile fomu ya I-20 ya kuombea viza mpaka uonyeshe una hela ya mwaka wa kwanza, ada na kuishi. Mjomba anaweza kukuandikia kuwa anakudhamini lakini taarifa zake za benki ndizo zinazosema, siyo upendo. Kuna ada ya SEVIS (mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) dola 350, hapo hujagusa ya viza yenyewe. MHA nyingi ni miaka miwili. Ukimaliza unaruhusiwa kufanya kazi ya fani yako miezi 12, na wahitimu wa huku wanagombania zile nafasi za mwaka mmoja za kukaa pembeni ya mkurugenzi wa hospitali na kujifunza. Kwa mgeni ni ngumu kuipata, sikufichi. Mimi nilituma maombi mengi nikapata moja.

Mjomba nampongeza, ila wajomba wa huku wanasahau bei.

#10 Daktari wa Kata

Kuna Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani. Wanalipa kila kitu na unabaki huko huko kula maisha.

#11 Mbeba Maboksi

Kulipa ndiyo. Kubaki hapana. Fulbright inakuja na viza ya J-1 yenye sharti la kurudi nyumbani miaka miwili kabla hujaruhusiwa kuomba viza ya kazi au ukaazi wa kudumu. Daktari, wewe na dozi sawa, wewe na viza hapana.

#12 Mzee wa IDM

Wanangu, habari zenu.

Nimestaafu, nilikuwa katibu wa afya miaka mingi, Kigoma na Tabora zote nimezila. Nilisoma Mzumbe ikiitwa IDM (Chuo cha Uongozi wa Maendeleo), chuo kile kilianza kwa jina hilo 1972, kikawa chuo kikuu 2001. Naona vijana mnadhani uongozi wa hospitali ni somo jipya. Chuo Kikuu cha Chicago kilianza kufundisha shahada ya juu ya fani hii mwaka 1934. Wakati huo hapa kwetu hospitali iliendeshwa na mganga na karani, basi.

Binti kauliza kwa nini wenye masta wanarudi kwenye kiti kile kile. Nitakwambia nilichoona. Hospitali zetu zilijengwa kichwani mwa watu kwamba bosi ni daktari. Katibu ukiwa na masta mbili bado ni "yule wa barua". Siyo sheria, ni mazoea, na mazoea yana nguvu kuliko waraka. Nimewahi kuandaa bajeti nzima, nikaiweka mezani, mtu akaniuliza chai iko wapi.

#13 Binti Ujiji

Shikamoo mzee. Hiyo ya chai imenichoma.

#14 Mzee wa IDM

Marahaba mwanangu. Na chai ilikuwa haipo.

#15 Hoja Binafsi

Kwa heshima zote mzee, mimi niko ofisi ya utumishi na naona sababu ni nyingine kabisa. Wenye masta hawapandi kwa sababu mbili za makaratasi.

Kwanza muundo wa utumishi. Daktari akisoma MMed anakuwa daktari bingwa, kwenye muundo huo ni mtu mwingine kabisa. Katibu wa afya akisoma masta anabaki katibu wa afya mwenye masta. Anapanda daraja kwa muda, tathmini ya kazi na bajeti ya kupandisha, kama wengine. Huyo daktari naye akisoma MPH badala ya MMed hapati ubingwa, wapo wanaolia hapa kila siku.

Pili, na hapa ndipo watu wanajichimbia: wanasoma kimya kimya. Jioni, wikiendi, kwa masafa, bila ruhusa ya mwajiri. Wanakuja na cheti, tunauliza ulisoma lini na kwa kibali gani, wanaangalia dari. Ruhusa ombeni mapema, na kozi yenyewe iwe imo kwenye mpango wa mafunzo wa idara yako. Mwenzangu mmoja alipata chuo kabla ya ruhusa, akaondoka hivyo hivyo, kilichofuata tulikiita utoro kazini.

#16 Karani wa Isevya

Hoja Binafsi unaongea kama vile ruhusa ni kadi ya harusi, unaiomba unaletewa. Mimi niliomba miaka mitatu mfululizo. Jibu mwaka wa kwanza: hakuna mbadala wako. Mwaka wa pili: hakuna mbadala wako. Wa tatu akaja mbadala, naye akaomba kwenda kusoma.

#17 Nyuki Mkali

😂😂😂 Huyo mbadala yuko wapi sasa?

#18 Karani wa Isevya

Ndiye bosi wangu.

#19 Kasulu Juu

Naona wote mnaongelea serikalini tu. Mimi nilikuwa kwenye mashirika ya kambi za wakimbizi, Nduta huku kwetu Kasulu. Kwenye matangazo yao ya kazi niliyokuwa nikisoma MPH ilikuwa inatajwa kila mara, masta ya uongozi wa afya mara chache. Kwa hiyo Daktari wa Kata yuko sahihi ila kwa sababu tofauti.

#20 Sokwe Mtulivu

Nduta iko Kibondo mkuu. Ya Kasulu ni Nyarugusu. Ulifanya kazi kweli au ulikuwa unapita na bodaboda?

#21 Kasulu Juu

Nimeteleza, nilikaa zote mbili, za Nyarugusu na Nduta zinaniingiliana. Kuhusu kazi yenyewe, mradi wetu ulifungwa 2025 Marekani waliposimamisha misaada. Asubuhi una meza, jioni unarudisha kompyuta. Sasa MPH yangu iko ukutani na nauza mawese Mwanga, Kigoma mjini. Kwa hiyo dada, ushauri wangu uupime na hilo.

#22 Mama Migebuka

Pole sana Kasulu Juu. Mawese bei gani lita?

#23 Kasulu Juu

Njoo ujumbe wa pembeni, hapa mods watanifungia kwa biashara.

#24 Binti Ujiji

Mnamsahau mtu wa katikati, asiyeweza kuacha kazi wala watoto. Mimi ni muuguzi, nilisoma Uganda Martyrs, pale Nkozi, masta ya usimamizi wa huduma za afya, kwa masafa. Unaenda vipindi vya darasani, unarudi kazini na mizigo ya kusoma. Nairobi Strathmore wana MBA ya usimamizi wa huduma za afya. Rwanda Chuo Kikuu chao kina masta ya uongozi wa hospitali, na kuna kile chuo cha Butaro, UGHE, kinatoa masta ya utoaji wa huduma za afya duniani. Kwa mtu wa Kigoma, Rwanda siyo mbali kuliko Dar. Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli jamani.

Lakini: cheti cha nje kinatakiwa kutambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu). Fanya uchunguzi KABLA ya kulipa. Kuna rafiki yangu alilipia "chuo" cha mtandaoni, tovuti nzuri, picha za majengo ya matofali mekundu, wanafunzi wanacheka kwenye nyasi. Masta miezi minane. TCU wakamwambia hicho hawakitambui. Aliuza kiwanja cha Gungu kulipia.

#25 Nyuki Mkali

Nyasi zenyewe zilikuwa za plastiki nadhani.

#26 Hoja Binafsi

Binti Ujiji kasema jambo zito. Naongeza, anayekwenda kusoma nje kabisa aulizie TCU na ile barua yao ya kutokuwa na pingamizi. Watu wanakumbuka wakiwa uwanja wa ndege.

#27 Msomaji Kimya

Nauliza tu. Bodi ya Mikopo si wanakopesha masta? Makato ni 8% tu.

#28 Karani wa Isevya

8% ilikuwa zamani, sasa ni 15% ya mshahara. Kama bado unadaiwa ile ya shahada ya kwanza, angalia karatasi yako ya mshahara ulie kidogo halafu uendelee. Kwa masta usiitegemee bodi, mimi nilijilipia kwa mkopo wa benki na maembe ya mama.

#29 Mama Migebuka

15% inakatwa hapa kila mwezi, naifahamu kwa jina na ukoo. Basi niambieni ufadhili, nje ya Fulbright. Nimesikia Chevening na wale Wajerumani.

#30 Mbeba Maboksi

Chevening ni Uingereza, mwaka mmoja, unachagua kozi tatu. Wanataka uzoefu wa kazi saa 2,800, wewe tangu 2020 umevuka mbali. Unarudi nyumbani miaka miwili. Tatizo ni hii: wanataka shahada itakayokuingiza masta ya Uingereza, na kwa kawaida hiyo ni daraja la pili la juu. La juu kwetu linaanzia 3.5.

#31 Mama Migebuka

Yaani 0.1.

#32 Sokwe Mtulivu

Lile somo la takwimu mwaka wa pili, sivyo? Sote tuna somo letu la takwimu.

#33 Mama Migebuka

Uhasibu wa gharama. Nilikuwa nauguza mama. Tuendelee.

#34 Daktari wa Kata

Usikate tamaa, omba uone. Vyuo vya Uingereza vingine vinaangalia uzoefu. Sisi tuliosoma MD shahada zetu hazina madaraja kabisa na tunaingia.

#35 Mbeba Maboksi

Daktari hapo nakubali nusu. Chuo kinaweza kumchukua, ila mfadhili ana masharti yake juu ya ya chuo. Aandikie chuo aulize kwanza, jibu alihifadhi.

Wajerumani: DAAD (shirika lao la ufadhili wa masomo) wana mpango wa EPOS, ndani yake kuna masta ya afya ya kimataifa ya Heidelberg. Uzoefu miaka miwili unao. Lakini shahada isiwe imezidi miaka sita tangu uipate. Ya 2017...

#36 Mama Migebuka

Imeshaoza. Sawa. Hivi hakuna hata mmoja anayetaka mtu wa 3.4 aliyemaliza 2017 na anajua boti inatumia lita ngapi?

#37 Binti Ujiji

Wapo. Kuna ile ya Erasmus Mundus (ufadhili wa Umoja wa Ulaya) ya uchumi na uongozi wa afya, inaendeshwa na vyuo vya Bologna, Innsbruck, Oslo na Rotterdam kwa pamoja, jina lake EuHEM. Antwerp Ubelgiji wana masta ya afya ya umma yenye upande wa mifumo ya afya. Jumuiya ya Madola nayo hutoa ufadhili wa kusoma kwa masafa vyuo vya Uingereza, hapo unabaki na kazi yako na watoto wako. Soma masharti ya kila moja, usituamini sisi wa mkekani.

Lakini nirudi kwenye hiyo boti. Umesema kitu. Boti gani?

#38 Mama Migebuka

Aah ni mambo ya kazini. Ngoja kwanza niwawekee mwanzo wa insha yangu ya kuombea, mnikosoe:

"Tangu nikiwa mtoto mdogo nilikuwa na ndoto ya kuwasaidia wagonjwa na kuleta mabadiliko chanya katika sekta ya afya nchini Tanzania na Afrika kwa ujumla."

#39 Nyuki Mkali

Mama wewe mtoto mdogo hukuwa na ndoto hiyo. Ulikuwa na ndoto ya kula mgebuka kichwa.

#40 Mzee wa IDM

Mwanangu, nimewahi kukaa kwenye kamati ya usaili. Sentensi hiyo niliisoma mara nyingi mno kwa siku moja, mpaka nikadhani wametumwa na mtu mmoja. Ifute. Hadithi ya boti ni ipi?

#41 Mbeba Maboksi

Nakazia. Anayesoma maombi ya MHA anataka kujua umewahi kushika tatizo la uendeshaji ukaligeuza. Ndoto kila mtu anazo.

#42 Mama Migebuka

Haya. Kituo chetu kinapokea akina mama wa vijiji vya ziwani ambako barabara haifiki, na mwenye uzazi pingamizi tunampeleka hospitali kwa boti. Boti ipo, nahodha yupo. Mafuta ndiyo yalikuwa hayapo, na yakikosekana ni usiku siku zote. Tunaanza kuchangisha: muuguzi katoa, ndugu wa mgonjwa kauza kuku, mwenyekiti wa kijiji hapokei simu.

Tangu pesa zianze kuja moja kwa moja vituoni, utaratibu ule wa 2017/18, akaunti yetu ina fedha: za mfuko wa pamoja wa wafadhili, za bima, za papo kwa papo wanazolipa wagonjwa. Lakini kuzitoa kuna hatua, na mtoto hasubiri hatua. Nikakaa na kamati ya usimamizi wa kituo. Tukakubaliana na muuza mafuta wa mwaloni, pale boti zinapotia nanga: tunamlipa mbele kwa mwezi kutoka papo kwa papo, anatunza madumu kwake. Daftari linakaa na muuguzi wa zamu. Usiku nahodha anachukua, anasaini, muuguzi anasaini, asubuhi mimi nahesabu. Dumu likipungua kufikia mstari tuliouchora kwa rangi, tunaongeza. Kabla ya hapo tulikuwa tunachelewa masaa. Tangu hapo boti haijashindwa kuondoka kwa sababu ya mafuta hata mara moja.

Zawadi yangu ilikuwa hoja ya ukaguzi. Muuza mafuta wa mwaloni hana mashine ya EFD, risiti zake ni za mkono. Nimejibu hoja hiyo mara mbili. Bado iko wazi.

#43 Binti Ujiji

Wewe ulikuwa na hii na ukaenda kuandika "tangu nikiwa mtoto mdogo"?

#44 Mzee wa IDM

Hiyo ndiyo insha. Na hoja ya ukaguzi uiweke ndani, usiifiche. Ndiyo inaonyesha unahitaji kusoma nini.

#45 Hoja Binafsi

Mzee hapana, hoja ya ukaguzi asiiweke! Mtu wa nje atasoma "auditor" ataona wizi. Na mwajiri akiiona atauliza kwa nini mambo ya ofisi yako Ulaya. Aandike utaratibu, matokeo, basi.

#46 Mbeba Maboksi

Mimi ningeiweka, kwa sentensi mbili: utaratibu wa ununuzi haukutengenezwa kwa mwalo, nataka kujifunza namna ya kutengeneza utaratibu unaofuata sheria na unaofika. Hapo umeeleza kwa nini unataka masta bila kusema "mabadiliko chanya".

#47 Hoja Binafsi

Wewe uko Marekani, huna barua ya kujieleza inayokusubiri Jumatatu.

#48 Karani wa Isevya

Mnaona sasa? Hili ndilo jibu la swali lake la pili kwa maoni yangu. Watu wanarudi na masta lakini masta yenyewe waliisoma bila tatizo mkononi. Tasnifu wanaandika juu ya "changamoto zinazoikabili..." kurasa 90, wanafunga. Huyu akiingia Mzumbe na dumu lake la mafuta, tasnifu anayo tayari.

#49 Daktari wa Kata

Karani unamlaumu mwanafunzi wakati Hoja Binafsi katuonyesha muundo wenyewe hauna pa kumweka. Hata akiandika tasnifu ya dhahabu atarudi pale pale mwaloni.

#50 Mzee wa IDM

Na hata muundo ukibadilishwa, watamuuliza chai iko wapi.

#51 Nyuki Mkali

Mimi naona tatizo ni umbali. Wenye masta wanaopanda ni wale walio karibu na Dodoma. Sisi mwisho wa reli tunapata habari ya usaili wiki moja baada ya usaili.

#52 Kasulu Juu

Mwisho wa reli ni Kigoma, wewe wa Sikonge hata reli huna.

#53 Nyuki Mkali

Nyie mna reli inayofika ikijisikia.

#54 Daktari wa Kata

Kabla uzi haujawa wa reli: dada barua za kukupendekeza anakuandikia nani? Usimpe mkubwa asiyekujua kwa sababu ya cheo. Mmoja awe mwalimu wako wa chuo, mmoja msimamizi wako wa sasa.

#55 Mama Migebuka

Msimamizi wa sasa ndiye pia anayesaini ruhusa. Nikimwomba barua ya chuo nimeshamwambia nataka kuondoka.

#56 Karani wa Isevya

Karibu chamani.

#57 Msomaji Kimya

Nafukua kaburi. Miezi imepita. Mama Migebuka uliishia wapi? Na mimi nataka kuomba mwaka huu.

#58 Mama Migebuka

Bado nipo wakuu, mtandao wetu mnaujua.

Mzumbe wamenikubali. Antwerp bado sijajibiwa. Ohio niliacha, mjomba kanuna lakini ameniambia atanitumia hela ya daftari, sijui daftari gani la bei hiyo. Insha niliandika ya boti, hoja ya ukaguzi niliiweka kwa sentensi mbili. Hoja Binafsi nisamehe. Ruhusa niliomba mapema kama ulivyosema, nimejibiwa hakuna mbadala wangu.

#59 Hoja Binafsi

Subiri mwaka ujao, uwe kwenye mpango wa mafunzo. Chuo kiandikie uahirishe.

#60 Binti Ujiji

Usisubiri. Mwaka ujao nao atakosekana mbadala. Chukua ya masafa.

#61 Mzee wa IDM

Mwanangu, ukiondoka, madumu ya mafuta anahesabu nani asubuhi?

#62 Mama Migebuka

Nimeshamfundisha muuguzi mmoja wa zamu, mzee. Anahesabu vizuri kuliko mimi. Shida ni moja, na yeye juzi kaniuliza Mzumbe wanafungua dirisha lini.